Ubao mama wa kisasa kwa kompyuta ya nyumbani: hesabu njia kabla ya milango

Mdogo wangu huhariri video za harusi na za kwanjula (sherehe ya Waganda ya kutambulishana kabla ya ndoa) hapa Kampala, na kompyuta tunayomjengea nyumbani imenifanya nisome maelezo ya bodi nyingi, yaani ubao mama unaounganisha vipande vyote vya kompyuta, kwa makini kuliko nilivyosoma ya prosesa au ya kadi ya michoro. Prosesa hubadilishwa na RAM huongezwa, lakini ubao mama ndio unaoamua ni kitu gani kitakachoweza kuchomekwa ndani ya kompyuta hiyo miaka mitano ijayo. Sisi ambao bidhaa hutufikia kwa safari ndefu kupitia Mombasa au Dubai, kisha zikatozwa VAT ya asilimia 18, hatuna sababu ya kununua bodi mara mbili.

Soketi, yaani tundu la prosesa kwenye bodi, ambalo huamua ni prosesa zipi zitakazoingia, tuliiamua mapema. AM4 ya AMD, iliyotoka 2016, bado inapatikana kwa bei nzuri, lakini hutumia RAM ya kizazi cha DDR4 pekee na haina PCIe 5.0, toleo la tano la njia za data zinazounganisha prosesa na vipande kama kadi ya michoro. AM5 ilikuja 2022 pamoja na DDR5, kizazi cha RAM kilichofuata, na AMD imetangaza kwamba itaendelea kuihudumia hadi 2027 na zaidi. Kwa upande wa Intel, LGA1700 ya 2021 ilikubali DDR4 au DDR5 kulingana na bodi, kisha LGA1851 ya 2024 ikaiacha DDR4 kabisa. Ni kweli kwamba bei ya DDR5 ilipanda sana kuanzia mwishoni mwa 2025, na mtu asiye na fedha za kutosha hakosei akibaki na AM4. Hata hivyo RAM ya DDR4 haiingii katika nafasi ya DDR5, kwa hiyo fedha zinazowekwa humo haziwezi kuhamia kwenye bodi itakayofuata. Tulichagua AM5.

Baada ya soketi ndipo kazi halisi inapoanza, kwa kuwa maboksi ya bodi hizi yameandikwa PCIe 5.0, USB4 na Wi-Fi 7 kwa herufi kubwa, ilhali jambo lenye uzito zaidi limefichwa katika maelezo madogo ya kitabu cha mwongozo: kila mlango unapata njia zake kutoka wapi. Prosesa za AMD za Ryzen 9000, zinazoingia kwenye AM5, zina njia 28 za PCIe 5.0. Nne kati ya hizo huunganisha prosesa na chipseti (chipu ya bodi inayosimamia milango mingine), kwa kasi ya PCIe 4.0 tu, na 24 hubaki. Kumi na sita huenda kwenye kadi ya michoro, nne kwenye nafasi ya kwanza ya M.2 (tundu la kadi nyembamba) kwa ajili ya SSD, diski isiyozunguka, na nne za mwisho huachiwa mtengenezaji wa bodi aamue zitumike wapi. Vitu vingine karibu vyote, yaani SATA ya diski za kawaida, mtandao wa kebo, sehemu kubwa ya USB na nafasi za ziada za M.2, hupita kwenye chipseti na kugawana zile njia nne za kwanza, zenye uwezo wa takriban gigabaiti 8 kwa sekunde, kama malori yatokayo Malaba kuja Kampala yanavyokutana kwenye daraja la Jinja. Bodi yenye nafasi nne za M.2 haimaanishi kwamba SSD nne zitakimbia kwa kasi yake kamili kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo X870, mojawapo ya chipseti za AMD za soketi ya AM5, iliponishangaza. AMD inazitaka bodi zote za chipseti hiyo ziwe na USB4, yenye kasi ya gigabiti 40 kwa sekunde, na kidhibiti cha USB4 huchukua zile njia nne za mwisho za prosesa. Kwa sababu hiyo, katika bodi nyingi za X870, ukijaza nafasi ya pili ya M.2, USB4 hupunguziwa njia au huzimwa. Mnunuzi hulipia vyote viwili, kisha hulazimika kuchagua kimoja. Naona mtengenezaji anapaswa kuandika jambo hilo kwenye boksi lenyewe, kwa maandishi yanayosomeka.

Je, mhariri wa video anaihitaji USB4? Tulipiga hesabu. Kadi ya SD ya kamera ya aina ya UHS-II haiwezi kuvuka megabaiti 312 kwa sekunde, kwa hiyo mlango wa USB wa gigabiti 10 (baiti moja ni biti nane) unaihudumia na kubakiza nafasi. Video ya 4K iliyorekodiwa kwa megabiti 400 kwa sekunde huhitaji megabaiti 50 tu kila sekunde. Kamera nne zikichezwa kwa pamoja ni megabaiti 200, ilhali SSD ya PCIe 4.0 inaweza kusoma zaidi ya 7,000. SSD ya PCIe 5.0 inakaribia mara mbili ya hapo, lakini hutoa joto jingi na kazi hii haitaihisi. USB4 ingefaa kwa mtu anayehariri moja kwa moja kutoka kwenye SSD ya nje yenye kasi kubwa.

Kwa hiyo tulishuka hadi B850, chipseti ya daraja la chini kidogo, ambayo lazima iwe na nafasi ya M.2 ya PCIe 5.0 lakini hailazimiki kubeba USB4, na tukatafuta ile ambayo nafasi yake ya pili ya M.2 pia imeunganishwa na prosesa. Tahadhari moja kwa wanaopenda Ryzen 5 8500G kwa sababu ya michoro yake ya ndani: prosesa hiyo huipa kadi ya michoro njia nne tu za PCIe 4.0, hata bodi iwe mpya kiasi gani.

Wi-Fi 7 haiongezi kitu ikiwa ruta ya nyumbani ni ya zamani. Mtandao wa kebo wa gigabiti 2.5 ndio niliousisitiza, si kwa ajili ya intaneti bali kwa kuhamishia kazi zilizokamilika kwenye hifadhi ya nyumbani: gigabiti 1 hukomea karibu megabaiti 118 kwa sekunde, chini ya uwezo wa diski nyingi kubwa za kuzunguka, na kebo ya Cat5e inatosha.

Nilitaka pia kitufe cha kusasisha BIOS (programu inayoiwasha bodi) kwa flashi bila prosesa, maana bodi iliyokaa dukani muda mrefu inaweza isiitambue prosesa mpya, na usasishaji huo ufanyike kwenye UPS, yaani betri ya akiba, kwani umeme ukikatika katikati bodi inaweza kufa. Mwisho ni RAM: nunua vipande viwili vya gigabaiti 32, si vinne vya 16, kwa kuwa vipande vinne hushusha kasi rasmi ya Ryzen 9000 kutoka 5600 hadi 3600 MT/s (mamilioni ya uhamishaji wa data kwa sekunde). Kompyuta ikiwashwa mara ya kwanza, skrini inaweza kukaa nyeusi kwa dakika kadhaa wakati bodi inaipima RAM hiyo, na haifai kuizima.