Sifuri niliyoiandika usingizini

Safari yangu ya kwanza kama mwangalizi wa uvuvi ilikuwa ya siku 58, kwenye meli ya mishipi mirefu iliyokuwa ikivua jodari Bahari ya Hindi. Watu wakisikia hivyo huuliza habari za mawimbi na kutapika. Nilitapika siku tatu, nikala biskuti kavu, ikaisha. Kilichonitesa ni karatasi.

Kazi yenyewe iko hivi. Meli hutega mshipi mmoja mkuu, ambao unaweza kufika kilomita 100, umefungwa maboya, na kati ya boya na boya zinaning'inia ndoana kwenye mishipi midogo. Sisi tulikuwa tukitega ndoana kama 3,000 kwa siku. Kutega huchukua saa tano au sita, kuvuta huchukua saa 12, na mshipi ukikatika hata 16. Mwangalizi anasimama pale na kuandika: samaki gani, urefu gani, amekuja hai au mfu, ameingia friza au amerudishwa majini. Sina mamlaka ya kumkamata mtu wala kumtoza faini. Lakini azimio la mwaka 2011 la Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi lilitaka angalau asilimia 5 ya shughuli za uvuvi za meli kubwa zishuhudiwe na mwangalizi. Kwa hiyo papa mmoja ninayemwandika mimi anasimama badala ya wengi ambao hakuna aliyewaona, na kosa langu nalo linazidishwa vivyo hivyo.

Darasani niliambiwa hayo yote. Sitahani, saa ya kumi na moja ya kuvuta mshipi, miguu imekufa ganzi, sikuyakumbuka.

Jodari akipandishwa hugonga sitaha kwa mkia mpaka achomwe kwenye ubongo. Unasubiri atulie, unaweka mkono mmoja wa kalipa, yaani rula ndefu yenye mikono miwili, kwenye ncha ya taya la juu, mwingine penye panda ya mkia, unasoma. Ikiwa ni sentimita 141 na nukta saba, unaandika 141, huongezi. Unaandika kwa penseli, maana wino haudumu kwenye maji ya chumvi. Halafu unajifuta damu usoni, na kabla hujamaliza mwingine yuko miguuni. Baada ya wiki mbili nilianza kukadiria kwa jicho. Huyu ni 140. Huyu 145. Huyu naye kama 150.

Usingizi nao. Mtu mmoja hawezi kukesha saa 16 kila siku kwa siku 58. Nilikuwa nikishuka kulala kwa muda wa saa nne, nikirudi namuuliza serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitahani, kama wamepata papa au kasa. Alikuwa mtu mwema, tena ndiye aliyenipa zile biskuti. Anatikisa kichwa: hakuna. Naandika sifuri.

Niliporudi nchi kavu nikaketi mbele ya mama mmoja anayekagua takwimu, mtu aliyewahi kuifanya kazi hii kwa miaka mingi. Hakuniuliza lolote kuhusu samaki. Alipitisha kidole kwenye safu ya urefu, akacheka kidogo.

"Mwanangu, hawa jodari wako wanapenda sana sifuri na tano."

Nikaona aibu mpaka masikioni. Bahari haizai samaki wanaoishia na sifuri na tano tu. Akafungua ukurasa mwingine.

"Na hii sifuri ya papa hapa. Ulikuwa macho?"

Nikanyamaza. Akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba sifuri maana yake nilitazama nisione. Kama sikutazama, nafasi inabaki wazi. Mwanasayansi atakayezitumia takwimu hizi anajua la kufanya na nafasi iliyo wazi, lakini sifuri ya uongo hana namna ya kuigundua. Kurasa 11 zikawekwa alama ya kutotumika. Wiki mbili za maisha yangu, nikizihesabu.

Safari ya pili nilijipanga. Kwanza mambo ya usalama, ambayo safari ya kwanza niliyapitia juujuu: nikasoma tarehe ya ukaguzi kwenye chombo cha kuokolea, nikavaa jaketi okozi nione kama linanifaa, nikahakikisha kifaa changu cha kuita msaada kwa setilaiti kinafanya kazi. Kuna waangalizi waliotoweka baharini. Mwaka 2016 Kamisheni ya uvuvi ya Pasifiki ya Magharibi na Kati ilipitisha kwamba mwangalizi akipotea, meli iache kuvua papo hapo na kumtafuta kwa saa 72 angalau. Nashukuru sheria hiyo ipo, lakini kifaa changu hakitoki kiunoni.

Kisha nikabadili mahali pa kusimama. Mwanzoni nilikuwa nikikaa karibu na meza ya kupimia, ambapo ni pakavu kidogo. Kutoka pale huoni maji. Na yale yanayotakiwa kuonekana zaidi hayafiki sitahani kabisa: kasa anakatiwa mshipi akiwa bado majini, papa vilevile. Nikahamia ubavuni, hatua mbili nyuma ya anayevuta, na kihesabio cha kubonyeza mkononi. Nililowa kila siku.

Usingizi niliugawa kwa maboya. Naandika: nimetazama kuanzia boya hili hadi lile, ndoana 2,100 kati ya 3,000. Zilizobaki, nafasi wazi. Na zamu ya kulala niliihamisha kila siku, nisije nikawa silioni kamwe giza la alfajiri, wakati pengine ndipo wanapokuja wengi. Vipimo nikapata msaidizi: kijana mmoja wa sitahani alishika upande wa pili wa kalipa na kunitajia namba kwa lugha yake. Nilijifunza kuhesabu kwa lugha yake kabla sijajua kumsalimia.

Nahodha hakupenda kuniona pale ubavuni. Siku moja alikuja papa wa mkia mrefu, aina ambayo Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi imekataza kubakizwa melini. Papa hawa hupiga mawindo kwa mkia, kwa hiyo mara nyingi ndoana huwanasa hukohuko. Huyu alivutwa kinyumenyume, mkia kwanza, macho makubwa kama ya ng'ombe. Serahangi akakata mshipi karibu na ndoana, papa akazama taratibu. Nahodha akashuka kutoka juu.

"Umeandika nini?"

Nikampa daftari. Aina, saa, amenaswa mkiani, hai lakini dhaifu, ameachiwa. Akasoma mara mbili.

"Mimi simo."

"Humo, nahodha. Ni samaki tu."

Tangu siku hiyo kikija kitu kikubwa nikiwa kitandani, alikuwa akimtuma mtu kunigongea mlango. Kila mara? Hilo siwezi kuliapia, ndiyo maana zile ndoana 900 niliendelea kuziacha wazi.

Yule mama alipokagua safari ya pili alianza tena na tarakimu za mwisho. Moja, saba, nne, tisa, sifuri, tatu. Akaguna. Akafika siku ya 19, ambayo haikuwa na mstari hata mmoja.

"Hapa je?"

"Nilikuwa na homa, sikuamka."

Akanisogezea penseli. "Basi andika hivyo."