Umbria bila gari na bila haraka

Kila niliyemwambia naenda Italia alinipa ratiba ile ile: Roma, Florence, Venice, Milano, wiki moja, kodi gari. Shemeji yangu ndiye aliyezidi: eti bila gari Umbria, mkoa wa katikati ya Italia ninaoutaka mimi, huioni. Gari la nini? Miji ya kule imekaa vilimani, ina vichochoro vya mawe ambavyo bajaji ingekwaruza pande zote mbili. Halafu katikati ya miji kuna maeneo wanayoyaita ZTL. Ukiingia bila kibali kamera inakupiga picha, na faini inakufuata mpaka nyumbani.

Mimi nilichukua ramani ya reli nikatafuta njia zinapokutana. Foligno! Watalii wanaupita mji huo kwa sababu ni wa bondeni, tambarare, lakini reli ya kutoka Roma kwenda Ancona inapita hapo, na ya kwenda Perugia inachepukia hapo hapo. Chumba nilipata kwa kama nusu ya bei niliyotajiwa Assisi, mji wa kilimani wenye basilika ya Mtakatifu Fransisko. Begi nikalifungua mara moja, basi. Watu hawaambiwi kwamba mji ukiwa juu, stesheni mara nyingi iko chini kabisa. Ya Assisi iko Santa Maria degli Angeli, kilomita kadhaa kutoka kwenye basilika, unapanda basi. Nimewaona wenzangu wakiburuta masanduku kwenye mawe yale, jasho linawatiririka, mke na mume hawasemeshani. Mimi na kachupa kangu ka maji napita zangu.

Treni za mkoa bei yake haipandi hata ukinunua tiketi asubuhi ile ile. Kwa hiyo nikiamka nachungulia dirishani ndipo naamua. Mvua? Naenda Spello, stesheni inayofuata tu. Tiketi ya karatasi igonge kwenye kimashine kabla ya kupanda, wakaguzi hawana mchezo.

Perugia unapanda kwa ngazi za umeme zinazopita ndani ya Rocca Paolina, ngome aliyoijenga Papa Paulo III miaka ya 1540 juu ya mtaa wa watu. Milango ya nyumba zao bado iko humo chini, gizani.

Kwenda mji wa Orvieto nilibadili treni kwenye stesheni ya Orte. Usikose kisima cha San Patrizio: ngazi 248 kushuka, na 248 nyingine za kupandia, zimezungukana bila kukutana, ili punda waliobeba maji wasigongane na wanaoshuka. Wanaopanda unawaona ng'ambo kupitia madirisha, wanahema. Zamu yako inakuja.

Baada ya saa saba mchana maduka mengi yanafungwa, hata makanisa mengine. Usihangaike, kula. Agiza torta al testo, mkate bapa wa kuchoma, uwekewe mboga za majani na soseji kama unakula. Kwenye bili utakuta coperto, euro moja au mbili za kukalia meza. Usigombane nao. Kahawa lakini kunywa umesimama kaunta, ni nafuu.