Mipira ya vakyumu kwenye FJ60: kwa nini niliirudisha yote

Kila niliyemwuliza hapa Denver kuhusu Land Cruiser yangu, FJ60 ya 1984 yenye injini ya 2F, alinijibu vilevile: ng'oa hiyo mipira ya vakyumu (mvuto wa hewa unaotengenezwa na injini), ziba matundu kwa skrubu, injini ipumue. Naupinga ushauri huo waziwazi. Aliyekuwa na gari kabla yangu aliufuata nusunusu, na bili nikalipa mimi.

Nilipolipokea, silensa, yaani mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta, ilikuwa ikipanda na kushuka, petroli ilinuka kila gari liliposimama juani, na oili ilivuja kwenye sili ya nyuma ya krenki.

Harufu ilikuwa rahisi. Mvuke wa tangi unatakiwa uingie kwenye kopo la mkaa lililoko chini ya boneti, ushikwe humo, kisha injini ikipata moto iuvute na kuuchoma. Mpira wa kuuvuta ulikuwa umezibwa kwa skrubu, kwa hiyo mvuke ulitafuta pa kutokea. Nilitoa skrubu, nikarudisha mpira.

Kwenye oili, usikimbilie kushusha giaboksi ili ubadili sili. Anza na vali ya PCV. Gesi inayopenya kwenye ringi hushukia chini ya pistoni, na vali hiyo huivuta irudi kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini. Ikiziba, presha hujaa ndani na kuisukuma oili nje kupitia sili. Ichomoe uitikise: nzima hulia kama punje ya mahindi ndani ya kopo. Yangu ilikuwa kimya, imegandamana na masizi. Mpya ni dola chache tu, na uvujaji ulipungua ndani ya wiki mbili bila kugusa sili.

Silensa ndiyo iliyonitesa, na hapo nilikosea. Nilidhani vali ya EGR imenasa ikiwa wazi, nikauziba mpira wake. Silensa haikubadilika hata kidogo, lakini nilipopanda I-70 kuelekea handaki la Eisenhower, kule juu mita 3,400, injini ikaanza kugonga kila nilipokanyaga mafuta nusu. Sababu ni hii: EGR hurudisha gesi kidogo ya ekzosi kwenye manifoldi. Gesi hiyo haiungui tena, hivyo hupooza moto ndani ya silinda. Iliwekwa kupunguza oksidi za nitrojeni, lakini ukiiondoa bila kugusa taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche), joto hupanda na injini hugonga. Nilipaswa kuipima kwanza: injini ikiwa kwenye silensa, vuta diaframu yake kwa pampu ya mkono. Injini ikiyumba au kuzima, vali na njia yake ni nzima. Isipobadilika, njia imezibwa na masizi. Pampu isiposhika, diaframu imechanika. Yangu ilizima injini papo hapo, kumbe haikuwa na kosa lolote.

Mwizi wa hewa, yaani mwanya ulioingiza hewa na kuyumbisha silensa, nilimpata kwa mpira wa sentimita 60. Ncha moja niliiweka sikioni, nyingine nikaipitisha polepole kila kiungio, mbali na feni na mikanda. Wengi hupuliza dawa ya kusafishia kabureta, lakini kwenye 2F manifoldi ya hewa imekaa juu ya ya ekzosi, upande uleule. Dawa hiyo hushika moto, usithubutu. Chini ya kabureta, upande wa nyuma, nikasikia mluzi mwembamba. Nikachukua sirinji, nikadondosha matone mawili ya maji pale pale. Mluzi ukakata, injini ikatulia kama sekunde mbili, kisha ikaanza tena. Ilikuwa gasketi ya kitako cha kabureta. Niliweka mpya juu na chini ya kitako, nikakaza nati kwa mkingamo, kidogo kidogo.

Baada ya hapo nilibadilisha mipira yote midogo, karibu mita saba, mmoja mmoja. Ukiing'oa yote pamoja utaichanganya. Kuna matundu yenye vakyumu muda wote, na mengine huipata pale tu kipepeo cha kabureta kinapofunguka kidogo.

Taimingi niliipima mipira ya distribyuta ikiwa imetolewa na kuzibwa: nyuzi 7 kabla ya pistoni kufika juu, mizunguko 650 kwa dakika, alama ya gololi kwenye flaiwili ikionekana dirishani.

Wa mwisho ulikuwa mpira wa HAC, kifaa cha mwinuko. Juu ya mita 1,200 hivi hewa ni nyepesi na mchanganyiko huwa na petroli nyingi, basi HAC huongeza hewa kwenye kabureta na kusogeza taimingi mbele. Denver iko mita 1,609, na mpira huo ulikuwa na skrubu ndani yake! Plagi zilikuwa nyeusi tii.

Neno kwa mwenye 2F Arusha au Nairobi: gari lako huenda halina EGR wala HAC, lakini PCV unayo. Na geji ya vakyumu ikisoma 15 usikubali kuambiwa ringi zimekufa. Pwani injini nzima husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki, na kila mita 300 za mwinuko hupunguza kama inchi moja. Yangu inasoma 15, sindano imetulia, na plagi sasa ni za kahawia.