Siku moja, linki nane: suspensheni ya gari langu la kupanda miamba

Saa 1 asubuhi
Nimeamka na hesabu kichwani. Chasisi ya gari langu la rimoti, la kipimo cha 1/10, iko juu ya benchi tangu wiki iliyopita, ekseli mbili zimelala pembeni. Kila ekseli itashikwa na linki nne, yaani fimbo za kuiunganisha na chasisi, mbili chini na mbili juu. Kwa hiyo leo ni linki nane, na zote nazitengeneza mwenyewe.

Kabla ya kushika msumeno nachora. Linki za chini ndizo zinazopokea msukumo wa magurudumu na kuupeleka kwenye chasisi. Za juu zinazuia ekseli isijipindue mota inapovuta. Hizi za juu nazielekeza zikaribiane katikati ya ekseli, umbo la V, maana zikienda sambamba na za chini hakuna kitakachoizuia ekseli kuyumba kushoto na kulia.

Saa 2
Urefu wa linki hesabu yake si ya fimbo. Kila ncha ya fimbo ina sikio, kiungo chenye tundu la bolti, na unapima toka katikati ya tundu la sikio moja hadi katikati ya tundu la sikio la pili. Masikio yangu, yale ya plastiki yenye gololi ndani, kila moja linachukua milimita 11. Linki za chini za nyuma nazitaka milimita 120, basi fimbo ni 98. Za chini za mbele ni 108, fimbo 86.

Nakata fimbo za alumini zenye unene wa milimita 6, kila moja na ziada kidogo, kisha nazibana mbili mbili kwenye jiliwa na kuzipiga tupa kwa pamoja. Jozi ikipungua sawasawa, gari halidhuriki sana. Lakini moja ikiwa ndefu kuliko mwenzake, ekseli inakaa mshazari na gari linavuta upande mmoja siku zote.

Saa 4
Hapa ndipo pa kutulia. Matundu 16, moja kila ncha ya fimbo, kila moja milimita 2.5 kwa upana na 15 kwa kina, halafu ndani yake nakata hesi za M3, yaani za skrubu ya milimita 3, ili masikio yafungwe humo.

Natia tone la mafuta ya taa, nasimamisha tepu, kile chuma cha kukatia hesi, wima, nazungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Ukirudi nyuma mkono unahisi kitu kidogo kikikatika mle ndani: ni chenga ya alumini. Nusu mbele, robo nyuma. Tepu ikianza kuwa nzito naitoa, naisafisha kwa mswaki, natia tone jingine. Tepu ya M3 ni nyembamba kama njiti ya kiberiti, na ikikatikia ndani ya fimbo, fimbo hiyo umeipoteza. Leo hakuna hata moja iliyokatika, na nimefurahi kwelikweli.

Saa 7 mchana
Linki za chini za nyuma nazipinda ziinuke kidogo karibu na ekseli, ili jiwe lipite chini yake bila kuzikwaruza. Alumini ngumu ukiipinda ikiwa baridi huweza kupasuka upande wa nje. Nasugua sabuni mahali pa kupinda, napasha moto wa gesi taratibu mpaka sabuni igeuke nyeusi, naacha ipoe. Sehemu hiyo inabaki laini kuliko sehemu nyingine za fimbo, ndiyo maana sipashi zaidi ya inavyohitajika. Kisha naipinda kwa kuizungushia bomba, wala si kwenye ukingo wa jiliwa, mpaka digrii 20. Ya pili nailinganisha na kipande cha kadibodi nilichokata kwa kufuata ya kwanza.

Saa 9
Nimefunga zote nane, na pua ya difu ya nyuma, ile nyumba ya gia katikati ya ekseli, inatazama juu kupita kiasi. Napima tena. Linki za chini za nyuma zimekuwa 118.6. Kumbe ni kule kupinda! Fimbo haijapungua, ila mstari ulionyooka toka sikio hadi sikio umefupika kwa milimita 1.4, na sehemu ya chini ya ekseli imevutwa mbele huku ya juu imebaki pale pale.

Ufumbuzi uko kwenye hesi zenyewe. Mzunguko mmoja wa sikio la M3 ni nusu milimita. Nimelegeza kila sikio mzunguko mmoja na nusu, jumla milimita 1.5, na hesi zilizobaki ndani bado zinatosha. Nusu mzunguko ndiyo hatua ndogo kabisa unayoweza kuitumia, kwa sababu tundu la sikio lazima lirudi kulala sawa na bolti yake. Zijazo nitazikata ndefu tangu mwanzo.

Umbali kati ya ekseli na ekseli: milimita 313, kushoto na kulia.

Saa 10
Nimetoa springi kwenye shokapu ili ekseli icheze hadi mwisho wake. Mwanangu anainua gurudumu la nyuma kushoto, mimi natazama chini.

“Baba, hii shafti inataka kuchomoka.”

Ni kweli. Ekseli ikining'inia, propela shafti, ile inayopeleka nguvu ya mota kwenye ekseli, inarefuka na vipande vyake viwili vinabaki vimeingiliana milimita chache tu. Nimehamisha shokapu tundu moja ili ekseli isishuke sana. Tumerudia, imeshika.

Gundi ya kuzuia bolti kulegea nimetia pale tu chuma kinapokutana na chuma. Kwenye masikio ya plastiki sitii, kuna plastiki ambazo huipasua.

Saa 12 jioni
Springi zimerudi, betri imeingia. Nyuma ya nyumba kuna mawe matatu. Gurudumu la mbele limepanda la kwanza, chasisi ikainama, la nyuma likafuata polepole. Nimelala kifudifudi kuangalia: kati ya jiwe na ile linki iliyopindwa pamebaki upenyo wa kidole.

“Baba, zamu yangu.”