Kumtunza mgonjwa aliyepooza asipate vidonda vya kitandani: tulivyofanya Lamu

Mama wa makamo ya uzee, amepooza upande, tulimtunza ghorofani kwenye nyumba ya mawe mtaa wa Langoni. Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ngozi yake.

Mwanzo nilimgeuza kwa adhana. Ni kosa: Alfajiri hadi Adhuhuri ni zaidi ya saa saba, Isha hadi Alfajiri zaidi ya tisa, ilhali nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro haipati damu na huanza kufa baada ya saa chache. Nikatega simu ilie kila saa mbili, usiku na mchana: kulia, chali, kushoto. Saa na upande tuliandika ukutani, maana zamu zikibadilika kila mtu hudhani mwenzake ameshageuza.

Ubavu haulaliwi wote, nyonga itaumia. Mwegemeze nusu tu, takia mgongoni toka bega hadi kitako, mto mwingine katikati ya magoti. Visigino husahauliwa sana: weka mto chini ya mashavu ya miguu, kisigino kielee, kiganja kipite chini yake. Kigodoro cha duara chenye tundu katikati usinunue. Ukingo wake hubana damu isifike katikati.

Kumsogeza, usimkokote. Tandaza leso iliyokunjwa toka mabega hadi mapaja, wawili waishike huku na huku, wamnyanyue pamoja. Ngozi iliyolowa jasho la kaskazi huchunika upesi. Akijisaidia, osha mara moja, suuza kwa maji matamu (ya kisima yana chumvi), kausha kwa kugusagusa, paka mafuta ya zinki.

Akiogeshwa nilipitisha mgongo wa mkono kitakoni, nyonga, visigino na viwiko. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani. Tafuta baka lililokoza, lenye joto au ugumu. Likiwepo, usimlaze upande huo mpaka liishe, wala usilikande kwa mafuta ya nazi hata wazee wakikuhimiza, kwa kuwa kukanda hupasua mishipa midogo iliyokwisha kudhoofika.

Chakula kiwe na samaki aliyetolewa miba, mayai, mtindi. Ale ameketi, kidevu kimeinama kidogo, abaki wima nusu saa.

Pakiwa na weusi, usaha, harufu au homa, ni hospitali. Ngazi zetu ni nyembamba, machela haikati kona. Tuliweka tayari kiti cha mbao chenye mikono na leso mbili za kumfungia kitini, moja ya kifua, moja ya kiuno. Wachukuzi wawili, wa mbele akishuka kinyumenyume.