Nilivyomfuata Rina Lazarus tangu birikani

Kosa langu lilikuwa kuanzia katikati ya mfululizo wa riwaya za upelelezi za Mmarekani Faye Kellerman. Nilinunua Stone Kiss kwa muuza vitabu vya mtumba hapa Mombasa, jalada limebandikwa kwa gundi. Ni cha mwaka 2002: Luteni Peter Decker wa polisi wa Los Angeles anapigiwa simu na ndugu yake aliye New York, shemeji wa huyo ndugu ameuawa, na binti mmoja wa ukoo huo, wa miaka 15, hajulikani alipo. Nilikimaliza kwa siku mbili.

Kilichofuata kuingia mkononi ni Day of Atonement cha 1991, na hapo ndipo nilipojiponza. Decker alilelewa Florida na wazazi Wabaptisti wasiomzaa. Yuko fungateni Brooklyn na mkewe, Rina Lazarus, mara anakutana uso kwa uso na mama yake mzazi, Myahudi. Msomaji anatakiwa apigwe na butwaa. Mimi nduguze kwa mama huyo nilishawajua wote!

Nikaamua kuanza upya. Mauaji huisha na kitabu chake, lakini ukoo unaendelea, watoto wanakua, mabinti wanaolewa. Nikachukua daftari, na kila kitabu nilichopata nilikifungua ule ukurasa wa hakimiliki nikaandika mwaka wake. Chini yake, watu: Sammy na Jake ni wana wa Rina kwa marehemu mumewe. Cindy ni wa Decker kwa mke wa kwanza, baadaye naye anakuwa polisi. Hannah ni wao wawili. Mtoto wa shangazi aliyeko Marekani aliniletea vitano, vilivyobaki nilivisoma kwenye simu hadi macho yakawasha.

Cha kwanza ni The Ritual Bath cha 1986. Rina ni mjane kijana anayetunza mikva, birika la kutoharikia, katika chuo cha dini ya Kiyahudi nje kidogo ya Los Angeles. Usiku mmoja mwanamke aliyetoka kuoga anabakwa hapo nje, na Decker anatumwa kupeleleza. Wanapendana, ila Rina hawezi kuolewa na asiye Myahudi. Hapo ndipo mama mzazi wa Decker anapokuwa na uzito, maana Uyahudi hufuata tumbo la mama.

Nilidhani mambo ya dini yatanishinda. Kumbe hayo ndiyo yaliyoniingia upesi kuliko taratibu za polisi wa Marekani. Mama alinikuta nasoma, akauliza hao wanawake wanaoga nini usiku wote huo. Nikamweleza: hedhi ikikatika wanahesabu siku saba safi, kisha wanazama majini. Pete zinavuliwa, kucha zinasafishwa, rangi yote inafutwa, maji yaguse kila mahali.

"Rangi ya kucha pia?" akauliza, akiitazama mikono yangu kwa makusudi.

"Pia, mama."

"Ala! Kumbe nao."

Tangu siku hiyo akawa mdadisi kunishinda. Nyama na maziwa kutokuwa chungu kimoja kulimshangaza sana. Sabato kuanza Ijumaa jua likizama hakukumshangaza hata kidogo. Kila akipita na sinia lake la mchele huniuliza, "Yule mjane wako, kaolewa?"

"Bado, mama. Ni mpaka kitabu cha nne."

"Basi hivyo vya kati viruke."