Draiva mpya, fremu zilezile

Kompyuta nyingi za gemu hapa Arusha na Moshi ni desktop za ofisi zilizotumika, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, zilizochomekwa kadi ya picha ya Nvidia, GTX 1050 Ti, kwa sababu modeli zake nyingi hazihitaji waya wa ziada wa umeme. Mwenye mashine hiyo asitegemee miujiza kwenye draiva mpya, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo. Fremu, yaani picha zinazoonyeshwa kila sekunde, huongezeka hasa gemu likiwa jipya, au kadi yenyewe ikiwa bado changa: kadi za Intel Arc za 2022 zilisuasua kwenye gemu za zamani za DirectX 9 mpaka draiva za baadaye zilipozichangamsha. Familia ya GTX 10, ambayo 1050 Ti imo, imeshaachwa njiani. Tangu Oktoba 2025 Nvidia haiziandalii tena draiva za gemu mpya, zimebaki za usalama tu hadi Oktoba 2028.

Kinachowachanganya wengi ni saa ya kwanza baada ya kusasisha. Gemu linastaki kila ukigeuza kona, lawama zote kwa draiva. Kumbe draiva ikibadilika, kashe ya sheda ya zamani, yaani akiba ya programu ndogo za kuchora picha za gemu, haifai tena. Prosesa inazitengeneza upya huku unacheza, na Core i5 ya kizazi cha 4 yenye kora nne inaelemewa. Rudia ramani ileile mara mbili tatu, ndipo upime.

Kupima nako kuna ufundi wake. Tumia CapFrameX, programu ya kupima fremu: sekunde 60, eneo lilelile, mara tatu kabla na mara tatu baada. Achana na wastani, tazama ile asilimia 1 ya chini, yaani fremu za polepole kuliko zote, maana kukwama huonekana hapo. Tofauti ya asilimia 2 hujitokeza hata usipogusa kitu. Halafu kuna joto. Kadi za GTX 10 hushusha kasi kwa hatua za takribani megahezi 13 kadiri zinavyochemka, kwa hiyo ukipima Moshi mchana wa Februari ukaja kurudia usiku wa Julai, utaisifu draiva bure.

Usikimbilie toleo la siku ya kwanza. Machi 2010 Nvidia iliiondoa draiva 196.75 baada ya feni za baadhi ya kadi kushindwa kuzunguka inavyotakiwa.

DDU (Display Driver Uninstaller), programu ya kufuta draiva ya zamani kabisa, si ya kila mara. Kusakinisha draiva mpya juu ya ya zamani ya kampuni ileile kwa kawaida hupita salama. Itumie ukihama AMD kwenda Nvidia, au skrini ikiwa inazimikazimika. Kata intaneti kwanza, la sivyo Windows Update itapenyeza draiva yake. Shikilia Shift ukibofya Restart, ingia Safe Mode, safisha kwa DDU, washa upya, sakinisha. Umeme ukikatika katikati, Windows itafunguka na maandishi makubwa ya ajabu. Rudia DDU tu.

Faili la draiva iliyokuwa inafanya kazi vizuri lihifadhi kwenye flash. Linazidi MB 500, na kulipakua tena ni bando jingine.